Gobori Lililorukwa

Tangu Donatien astaafu, Antoinette hakukalika. Akiketi, anaisikia mashine chini ya miguu yake. Akisimama, anaisikia vile vile. Mumewe alikuwa ameifunga kwenye ghala la chini ya jengo lao, pale Ixelles, mjini Brussels: mashine ndogo ya kukerezea chuma, ukubwa wa cherehani, na kutwa ilikuwa ikinung'unika kama mgonjwa aliyekataa dawa. Vinyuzi vya chuma vilipanda naye ngazi. Vilikuwa kwenye soksi, kwenye shuka, na siku moja ndani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Sombe, jamani!

Alichokuwa akitengeneza ni gobori, ile bunduki ya kushindilia baruti mdomoni, kama walizokuwa nazo wawindaji wa kwao Katanga. Bomba alilinunua limeshatobolewa. Mengine yote, skrubu, nyundo ya kugonga fataki, kizibo cha kulifunga bomba kwa nyuma, aliyachonga mwenyewe. Kule Katanga, mjini Likasi, alikuwa fundi wa karakana ya mgodi, na mikono yake haikupata habari kwamba imestaafu.

"Ile bunduki ni ya nani?" Antoinette alimwuliza mwanzoni.

"Ya muntu moja. Utaona."

Jibu hilo ndilo lililomwondolea usingizi. Antoinette alishawaona wanaume wa Matonge, mtaa wa Wakongo. Mtu anapata pensheni, anaanza kuota nyumbani, ananunua tikiti moja. Moja! Mwaka haujaisha, unasikia amejenga Lubumbashi, na ndani ya nyumba kuna msichana anayemwita chéri. Na bunduki ya nini hapa Brussels? Amwinde nani, njiwa wa Porte de Namur? Jioni Donatien alikuwa akimpigia simu binamu yake wa Likasi, akicheka kicheko ambacho mkewe hakuwa amekisikia tangu binti yao Emmanuella aolewe. Antoinette aliogopa. Aliogopa kubaki peke yake kwenye nyumba ile, na televisheni ikizungumza na viti.

Hata kumsaidia kazi za nyumbani alikuwa ameacha. Siku moja Donatien alimsimamisha dirishani na fimbo ya pazia, akampima kwa utepe huku na huku, "inua mukono, bon, kunja kiloko, kidogo tu," kisha akashuka ghalani. Pazia halijatundikwa hadi leo.

Antoinette mwenyewe huko ghalani hakukanyaga. Baba yake alikuwa mwindaji, na alilelewa akijua kwamba mwanamke haigusi bunduki ya mwanamume, sembuse kuiruka. Akiiruka, imekwisha. Ama haitapiga tena, ama itampasukia mwenye bunduki.

Siku ya majaribio ikafika. Ubelgiji bunduki mpya haiachwi hivi hivi. Inapelekwa Liège, inashindiliwa baruti kupita kiasi na kufyatuliwa nyuma ya ukuta. Ikipona, inapigwa muhuri. Wa kumpeleka Donatien na gobori lake alikuwa Frans, jirani yao wa ghorofa ya pili, Mbelgiji mzee aliyefundisha Likasi na kurudi na Kiswahili cha huko huko. Jumapili alikuwa akienda kulenga shabaha na wenzake kwenye klabu ya bunduki za kizamani.

"Kama kizibo ya Donatien inashika, banapiga cachet," Frans alimweleza Antoinette mlangoni. "Kama haishike, alors, tutarudisha vipande ndani ya sac."

Wanaume wakashuka kufungua gari. Gobori likabaki ukumbini, sakafuni, limeviringishwa blanketi. Antoinette akalitazama. Mwimbaji wa kwaya ya parokia, mama mwenye rozari mbili! Akapandisha kitenge, akaliruka. Na kwa kuwa hasira haina kiasi, akarudi kwa kuliruka tena.

Gari lilipokata kona tu, moyo ukamgeuka. Aliosha mchele, akausahau, akauosha tena. Alienda madukani Chaussée de Wavre kununua samaki wa chumvi, akarudi na uzi wa kushonea. Akatoka tena, akaingia saluni kwa Yolande, msusi wake, akawa anainuka kwenye kiti kila kitana kinapopita.

"Maman Antoinette, kaa! Miye niko nasuka kichwa, sisuke upepo."

"Yolande, nimeruka bunduki ya bwana yangu."

Antoinette alitaka achekwe. Yolande alizaliwa Kipushi, huko huko Katanga, hakucheka. Alishusha kitana na kusema polepole, "Ile haiko ya kuchezea, maman."

Alirudi nyumbani na kichwa kimesukwa nusu. Mbele ya macho yake aliona kizibo kikiruka, na Donatien akiokota furaha yake vipande vipande. Alikuwa ametaka asiende, hakuwa ametaka avunjike. Alisali, lakini hata sala ilimshinda kukaa nayo mahali pamoja.

Wanaume wakarudi jua likizama. Donatien alilaza blanketi mezani, akalifungua, akaweka kidole kwenye alama ndogo iliyogongwa bombani.

"Inashika," alisema.

Antoinette alishusha pumzi, kisha hofu ya zamani ikarudi mbio. "Bon. Sasa unaenda."

"Wapi?"

"Likasi! Unaniacha hapa na vyuma yako!" Machozi yakamtoka mbele ya Frans, wala hakuyafuta.

"Miye? Peke yangu?" Donatien alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Nitafanya nini kule bila weye? Kamata hii."

"Sigusi bunduki ya mwanaume."

"Kamata, mama."

Akakamata. Kitako kilitulia begani, shavu likapata mahali pake, na ndipo alipoona kwamba nyundo ya fataki ilikuwa upande wa kushoto, si wa kulia kama bunduki nyingine. Katika nyumba ile mwenye mkono wa kushoto alikuwa mmoja tu, yeye aliyepigwa vidole utotoni kila aliposhika kwa mkono huo mwiko wa kusongea bukari.

"Ile fimbo ya rideau," Donatien alisema, "ulizani ni ya rideau?"

"Ku club yetu iko na bamama batatu," Frans akaongeza. "Bwana yako anakataa kuingia bila weye."

Antoinette aliketi. Kwa mara ya kwanza siku ile, aliketi kwelikweli.

"Donatien. Niliiruka. Asubuhi, mara mbili. Nilitaka ipasuke."

Frans akatazama dirisha lisilo na pazia. Donatien naye alikuwa mtoto wa Katanga, na hakucheka. Kisha akalichukua gobori, akalilaza sakafuni mbele ya miguu ya mkewe.

"Ile desturi inasema bunduki ya mwanaume. Hii ni ya nani?"

"Ya kwangu," Antoinette alisema kwa sauti ndogo.

"Donc. Ruka."

Antoinette akapandisha kitenge, akaruka.