Kipimo cha Ahadi za Fundi

Mtaa mzima ulikijua kipimo cha ahadi za Fundi, yule mshona nguo wa pale kona. Akikuambia "nitajaribu," chukua kitambaa chako uende zako salama. Akisema "nitajitahidi," basi ni Alhamisi, ila hajawahi kusema Alhamisi ipi. "Nitajikaza" maana yake kitambaa kimeshakatwa, na kimekatwa vibaya. Na "nitafanya juu chini" ujue nguo iko tayari tangu juzi, anataka kusifiwa tu kabla hajaitoa. Mwenyewe hakuona ubaya: neno si ameshakupa, unataka nini tena?

Asubuhi moja aliacha duka wazi akavuka barabara, kafunga vifungo vyote vya shati, jambo ambalo si kawaida yake. Alikuwa mgane mwaka wa sita. Kwa Mama Vifungo, mjane aliyeuza vifungo na uzi pale mkabala, alikuwa ameshanunua zipu za kumtosha hadi kaburini, na zote kisingizio.

"Mama Vifungo, mimi si mtu wa maneno mengi. Nataka unioe... aah, nikuoe!"

Mama Vifungo hakuacha kupanga vifungo vyake.

"Nitajaribu," akasema.

Hakuna aliyelijua neno hilo zaidi ya Fundi.

"Nitajaribu hiyo... ndiyo ile ya kwangu?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Ulinipa mwenyewe, nami nimeilea miezi minne." Akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara.

Fundi akageuka. Chini ya mguu mfupi wa meza yake ya kukatia, kimekunjwa mara nne ili meza isiyumbe, kilikuwapo kitambaa cha samawati cha Mama Vifungo, alichokileta ashonewe gauni. Miezi minne yote, kila akiinua macho, mwanamke wa watu alikuwa akikiona kinakanyagwa na meza. Aibu ikampanda Fundi mpaka masikioni.

Alirudi mbio. Wateja watatu akawafukuza kwa "nitajaribu" moja ya jumla. Alipokichomoa kitambaa meza ikapinduka, chaki zikatawanyika, akaziacha. Alifua, akaanika, akapiga pasi, akakata, akashona. Mkono wa kushoto akauweka kulia, akafumua, akajitukana, akashona tena. Kufika jioni gauni lilikuwa tayari, isipokuwa doa moja la mraba mgongoni, sawasawa na mguu wa meza, lililogoma kutoka.

Akalipeleka vivyo hivyo. Mama Vifungo akaligeuza, akaliona doa, akacheka mpaka akashikilia kaunta asianguke.

"Haya," akasema akijifuta machozi. "Nitajitahidi."

Fundi akaruka kwa furaha, halafu akakumbuka. Swali alilokuwa akiulizwa na mtaa mzima kwa miaka kumi na mmoja likamtoka mwenyewe, na kwa mara ya kwanza akajua linavyouma.

"Alhamisi ipi?"

"Keshokutwa, saa nne asubuhi," akasema Mama Vifungo. "Mimi si fundi."