Wasijue Watu

Hata kuku wa Bi Hasina walikuwa na ruhusa ya kuvuka ua. Mboni aliwatazama kupitia nondo za dirisha, wakitoka na kurudi bila kuulizwa na mtu, akawaonea wivu. Mwanamke mzima, fundi cherehani mwenye wateja wake Tanga mjini, anamwonea wivu kuku.

Alikuwa ameletwa Moa, kijijini kwao, mimba ilipokomaa, kwa kuwa mtoto wa kwanza huzaliwa kwao mke. Mumewe, Rama, alibaki na kazi yake ya mizigo mpakani Horohoro. Tangu siku hiyo mama yake, Bi Hasina, alimfungia kwa mapenzi. Kizingitini asikae, mtoto atakwama njiani. Magharibi asionekane nje. Simu nayo aliichukua, kwa hoja kwamba kila anayeuliza "vipi, bado?" anaongeza jicho baya. Mboni aliyanywa mapenzi hayo asubuhi na jioni, pamoja na uji wa pilipili manga, mpaka akakinai.

Lililomkosesha raha hasa lilikuwa jingine. Muuguzi wa kliniki alimwambia kuwa mtoto ametanguliza makalio. Uchungu ukianza tu, akimbilie hospitali ya mjini, asisubiri. Bi Hasina hakubisha. Hakuwa mtu wa kukataa hospitali. Sharti lake lilikuwa moja: wasijue watu. Uchungu, alisema, hurefuka kwa kila aliyeusikia. Yeye alipomzaa Mboni kijiji kizima kilijaa barazani, akateseka mchana na usiku, na hakumsamehe hata mmoja wao. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Siku yenyewe ilikuja alasiri, pamoja na wageni. Bi Tuhfa, jirani ambaye habari haikupata kulala nyumbani mwake, aliingia na wenzake wawili wakitoka arusini. Mboni alitoa shikamoo zake, akaketi mkekani. Kahawa haijapoa, kiuno kikamkaza. Kikaachia. Kikakaza tena, kwa ukali zaidi. Alimtazama mama yake, na mama akaelewa papo hapo, maana rangi ilimtoka. Lakini alichofanya ni kumsogezea kashata, kisha akajifanya anamtengeneza mtandio.

"Vumilia," alimnong'oneza. "Wakitoka tu, na sie twatoka."

Hawakutoka. Bi Tuhfa alimchambua bibi arusi tangu hina hadi viatu, akamaliza, akaanza upya na mama wa bwana arusi. Mboni alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Aliitikia "kumbe" mahali pasipostahili. Kila uchungu ulipopanda alishika ukingo wa mkeka, akawaza kwamba yeye na mwanawe wamefungiwa pamoja, yeye ndani ya chumba, mtoto ndani yake, wote wawili wakingoja watu wamalize kahawa. Aliogopa. Halafu hofu ikamchosha, na chini yake akakuta hasira.

Alimpenda mama yake. Alijua pia kwamba akifungua kinywa atamvua nguo mbele ya mwanamke ambaye mama huyo alimkwepa miaka yote. Uchungu uliofuata ulikuja na maji, yakailowesha kanga.

"Bi Tuhfa," alisema, "mie nna uchungu tangu mlipoingia. Mtoto katanguliza makalio. Nataka gari."

Bi Hasina alibaki na birika mkononi, hamimini wala haliweki chini. Bi Tuhfa alimtazama Mboni, akamtazama mama mtu. Alitoa simu kifuani, akampigia mwanawe mwenye gari la Noah, akamwambia aje sasa hivi, na kama ana abiria awashushe.

Gari lilipofika, ua ulikuwa umejaa. Walikuja majirani, watoto, hata wapishi wa arusini wenye miiko mikononi. Mboni alilazwa kiti cha nyuma, ameuma pindo la mtandio ili asisikike. Kupitia kioo alimwona mama yake amesimama kando ya ukuta, buibui nusu amelivaa, akiwatazama watu mmoja mmoja. Mboni akadhani atabaki.

Bi Hasina akapenya katikati yao bila kumsalimu mtu, akapanda, akakipakata kichwa cha bintiye. Akauchomoa mtandio taratibu kutoka kinywani mwake.

"Lia, mwanangu," alisema. "Washajua wote."

Mboni akalia.