Tao la Babu

Asubuhi nilikuwa juu ya stuli, napima tao la mlango wetu kwa futi ya baba. Upande wa kushoto umeshuka vidole vinne kamili. Mama akapita na ndoo.

"We mtoto, shule itakufuata hapo?"

Nikashuka.

Nchi hii matao yote yamepinda kushoto. Posta, benki, darasa letu, mpaka choo cha stendi. Kitabu cha historia kinasema mfalme alitaka tao liiname kidogo, kuonyesha sisi ni watu wa heshima. Siku hizi liko kwenye stempu na kwenye nembo ya sare zetu. Mtoto wa chekechea akichora nyumba, anachora hivyo hivyo.

Bibi anasema uongo mtupu. Babu ndiye alikuwa mwashi wa lango la mfalme. Mvua ikanyesha usiku, mbao zilizoshikilia tao zikazama upande mmoja, na chokaa ikakaukia hapo hapo imepinda. Mfalme alipokuja kukagua, babu alikuwa ameshafunga vifaa vyake, anangoja kufukuzwa. Mfalme akalitazama weee. Mwisho akasema, "Hilo ndilo. Jengeni hivyo kila mahali."

Jana nilimsimulia Kidosho, ninayekaa naye dawati moja. Kidosho hata akikohoa watu wanageuka. Mimi nikiita "mwalimu" mara tatu, mwalimu anafunga dirisha anadhani ni upepo.

Leo mwalimu wa historia akauliza nani atawasimulia wageni Jumamosi, pale langoni kwa mfalme. Mkono wangu ulikuwa njiani, naapa. Kidosho akawa ameshasimama. Akaisema yote, eti tao lilishuka vidole vitatu. Akamwigiza mfalme, tumbo mbele, akamwigiza na babu anavyotetemeka na pipa la maji. Pipa gani? Darasa likavunjika mbavu. Na mimi nilicheka, ndiyo kinachoniuma.

"Umeyatoa wapi hayo?" mwalimu akauliza.

"Kwa huyu. Ni babu yake!" Akaninyooshea kidole.

Macho arobaini yakanigeukia.

"Ni kweli, binti?"

Nikasema, "Sijui."

Sijui! Babu yangu mwenyewe! Mwalimu akatikisa kichwa, akaandika jina la Kidosho ubaoni. Kidosho akakaa, akaninong'oneza, "Shoga, si ungesema tu?" Anavyonukia vizuri, halafu anauliza vile.

Sasa ni usiku, nyumbani wote wamelala. Jumamosi Kidosho atasimama chini ya tao la babu, na wageni watampiga picha yeye. Nimemwandikia ujumbe, nikafuta, nikaandika tena. Wa kwanza ulikuwa mrefu na una matusi. Huu ndio niliotuma:

"Umesema vidole vitatu. Ni vinne, nimepima. Na Jumamosi nataka kusema mimi."

Inaonekana ameusoma. Saa nzima sasa. Simu nimeilaza kifuani, haijatikisika.