Uzio Usio na Mlango

Sanamu yangu ya kwanza kuwekwa mtaani ni mwanamke wa saruji aliyeketi kwenye benchi la saruji, amevua viatu. Pembeni yake niliacha nafasi ya watu wawili, na kwangu nafasi hiyo ndiyo sanamu yenyewe. Shangazi yangu hufagia barabara ile. Nilitaka apate pa kunywea chai saa nne bila kufukuzwa kwenye ngazi za maduka.

Shangazi alikaa hapo siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili nilikuta uzio wa vyuma, mrefu kunipita, umeizunguka sanamu pande zote nne.

"Mlango uko wapi?" nikamuuliza fundi wa kuchomelea, aliyekuwa anamalizia rangi.

"Haupo kwenye mchoro, dada."

"Sasa watu wataingiaje?"

"Si ndiyo maana wakaweka uzio? Wasiingie."

Shangazi akafika na toroli lake la taka. Akauzunguka uzio mara mbili, chupa ya chai kwapani.

"Huyu mama mmemfungia kosa gani?" akamuuliza fundi. "Au kwa kuvua viatu mbele za wakubwa?"

Fundi akacheka mpaka brashi ikamdondoka. Mimi nilikuwa nimevimba kwa hasira. Nikaenda moja kwa moja ofisi ya mandhari ya manispaa.

"Binti, sanamu ni ya kutazamwa," afisa akaniambia. "Watu walikuwa wanaikalia."

"Ni benchi, mzee."

"Ni mali ya manispaa. Una hoja, lete barua."

Nikapeleka barua ya kurasa mbili. Nilieleza kwamba mji wenye sanamu za kuogopwa tu unawafundisha watu wake kupita wameinamisha vichwa. Haikujibiwa. Wakati huohuo upepo ulikuwa unaingiza mifuko na chupa ndani ya uzio, na hakuna mkono uliozifikia. Msimamizi wa usafi akampa shangazi onyo la maandishi: eneo lake chafu.

Hapo nikaandika barua ya pili, mistari minne. Wafagiaji hawawezi kuingia, tunaomba njia. Jibu likaja baada ya siku tatu: ombi limekubaliwa. Nilimpigia shangazi simu. Nikamwambia kesho aje na chai, na vikombe viwili.

Asubuhi tukamkuta fundi amepiga magoti. Alikata vyuma viwili chini kabisa, akasawazisha ncha, akasimama. Tundu lilitosha ndoo.

"Endelea," nikasema.

"Nimemaliza. Karatasi inasema njia ya ufagio." Akanionyesha, na kweli ndivyo ilivyosema, na muhuri juu. "Ningekuwa na uwezo ningekufungulia wote, dada. Lakini nikikata chuma kimoja zaidi, kazi sina."

Shangazi akaegesha toroli lake. Alipiga magoti, akapitisha ufagio tunduni, akaanza kuvuta chupa mojamoja. Nikamwambia aniachie mimi.

"We mtoto, onyo lina jina langu, si lako."

Alipomaliza alikaa kwenye ukingo wa barabara, mgongo kwenye vyuma, akamimina chai vikombe viwili. Nikakaa karibu yake juani. Magari yalipita karibu na miguu yetu mpaka ikabidi tuikunje. Nyuma yetu nafasi ya watu wawili ilikuwa kwenye kivuli, safi kabisa.

"Kunywa, inapoa," akasema.

Nilikuwa nimeshatoa kalamu kuandika barua ya tatu.