Mlango wa Nyumba ya Karanga

"Mwanga huo hapo! Abel, huo ni mwanga au macho yangu mabovu?" Mama kapaza sauti mpaka fundi wa tailizi kule jikoni kaacha kugonga.

"Ni mwanga, mama. Nimeuacha makusudi."

"Makusudi! Mnamsikia? Mwezi wa tatu alipiga randa makusudi, mwezi wa sita nyoka huyo sebuleni. Leo tena makusudi!"

"Sasa si unisikilize kwanza!"

"Usinipigie kelele, mimi sio Prisca!"

Mdogo wangu Prisca kusikia jina lake kakimbilia uani. Mjomba Saturnini, kaka yake mama, hata hakugeuka. Alikuwa kachuchumaa, kafunga jicho moja, anachungulia kati ya mlango na fremu.

"Mjomba," akaniambia, maana na yeye ananiita hivyohivyo, "tulikubaliana nini mimi na wewe?"

Tulikubaliana, kweli. Nieleze.

Hii nyumba waliijenga wale Wazungu waliokuja Nachingwea kulima karanga. Wakashindwa, wakaondoka, baadaye sana babu akaipata. Bibi Lusiana kazalia humu watoto wote. Babu alipofariki, bibi akahamia shambani Mtua, nyumba wakakaa wapangaji. Sasa mama anaitengeneza ili bibi arudi, tukae wote. Ukuta wa jiko na sebule tumebomoa, juu jipsamu, choo kipo ndani, bibi asitoke tena na tochi. Imebaki mlango wa mbele tu. Mama anataka wa alminiamu, wenye kioo. Mimi nataka huuhuu wa mninga, mzito balaa, ukiugonga unaitika.

Nilimaliza form four mwaka jana, matokeo tusiyaongelee. Mlango ulikuwa unakwama, ndo nikaushika mwezi wa tatu, mvua inanyesha, nikapiga randa ubavuni na chini mpaka ukafunga vizuri. Nikajiona fundi. Jua lilipokuja ubao ukasinyaa, pengo likawa la kupitisha kiganja. Na huyo nyoka.

Nikaenda Ruangwa kwa fundi Ausi. Alicheka mpaka akakaa chini. "Nani kakutuma kupiga randa mlango wakati wa mvua? Mbao si imekunywa maji!" Siku tatu nikakaa karakana kwake. Akanionyesha namna ya kuunga kipande cha mninga kwa gundi na skrubu, kisha akasema nyumbani wakiniruhusu nirudi, atanifundisha kazi. Hapo sikulala vizuri tena, nakwambia. Tangu nizaliwe hakuna kitu nilichokitaka hivyo.

Ila kwetu mjomba akishasema, hata mama anafuata. Na mjomba alisema: mlango ukifunga bila mwanga, unabaki na mimi naenda kwa Ausi. Ukionyesha mwanga, Jumatatu inakuja alminiamu, na mimi nakwenda Lindi kusoma kompyuta.

Asubuhi nilikuwa na kaubao kembamba mkononi. Ningekapigilia pale, mwanga kwisha, saa hizi nafunga begi. Nikakaangalia weee, nikakatupa kwenye kuni. Mvua zikianza mlango ungevimba, ungekwama, na bibi ndani peke yake.

"Nimeacha unene wa shilingi mia," nikawaambia, sauti imeshashuka. "Sasa hivi ni kiangazi. Hiyo nafasi ni ya mwezi wa kumi na mbili, mbao ikivimba."

"Maneno," mama akasema. "Na nyoka je?"

"Nyoka gani mwembamba kama hela?" Huyo bibi. Alikuwa kakaa kwenye ndoo ya rangi tangu ateremke kwenye pikipiki, tukamsahau. "Dafrosa, wewe ulikuwa hujazaliwa. Kila mvua huu mlango unagoma. Tunapita dirishani, mimi na mimba yako, napita dirishani! Saturnini, umesahau ulivyokwama?"

"Mama, hayo ya zamani..."

"Suruali ikabaki kwenye ndoano ya dirisha, yeye huyo barabarani, matako nje, anaenda shule!"

Kule jikoni fundi wa tailizi akapasuka kicheko. Mama akajiziba mdomo na kanga, mabega yanatikisika. Mjomba akasimama, akapangusa magoti ambayo hayakuwa na vumbi.

"Baba yenu aliupiga randa mvuani, kama huyu mume wangu," bibi akaendelea, akininyooshea kidole. "Kiangazi pengo hilo, analiziba na ubao. Mvua ikirudi unagoma, anapiga tena. Miaka yote ile hakuna aliyemwambia."

Mjomba akatoa shilingi mia mfukoni. Akaipitisha juu, ikapita. Katikati, ikapita. Chini, ikapita. Akaitazama ile hela, akairudisha mfukoni.

"Bado mwanga naona," akasema.

"Unaonekana, mjomba. Sikatai."

Akaugonga mlango, ukaitika. "Gari ya Ruangwa saa ngapi?"

"Saa nane."

"Sasa unasubiri nini hapa?"

Nikamwangalia mama. Kageukia dirisha. "Chukua na blanketi," akasema, "huyo Ausi wako sidhani kama analo. Na Desemba urudi, nikikwama humu nakufuata hukohuko."

Nikaenda kufunga begi. Bibi nikamshika mkono, wake ukabaki kwenye wangu. "Taratibu, mume wangu. Usiubamize."

Nikatoka, nikauvuta mlango kwa vidole viwili. Kitasa kikalia mara moja, ukafunga.