Mayai Yaliyogoma Katikati

"Umetumia sabuni, Kiriwai."

Daktari Ailsa alisema hivyo bila kuondoa jicho kwenye darubini. Nilidhani nimesikia vibaya.

"Sabuni gani, Daktari?"

"Ya vyombo. Njoo uangalie mwenyewe."

Niliinama. Mayai yalikuwa mamia, mviringo, yameng'aa kama matone ya mafuta kwenye mchuzi. Lakini yote yalikuwa moja moja. Dakika mia na ishirini zilikuwa zimepita tangu tuyarutubishe, na kwa kawaida dakika ya mia na kumi haipiti kabla kila yai halijajikata mawili. Nikasogeza sahani huku na huku nikitafuta japo moja lililogawanyika. Hakuna.

"Miezi mitatu ya maandalizi," alisema. "Na msimu wa mayai unaisha wiki ijayo."

Kituo chetu cha utafiti wa bahari kiko kaskazini mwa kisiwa, kwenye ufuo wa mawe. Mayai tunayatoa kwa nungu wa bahari, wale viumbe wa mviringo wenye miiba mwili mzima, ambao kwetu sisi Wamaori, wenyeji wa kisiwa hiki, walikuwa kitoweo kabla hawajawa sayansi. Miaka miwili nilikuwa muosha vyombo vya kioo hapo. Jioni za Jumanne na Alhamisi nilikwenda darasani mjini, binti yangu Mahina akilala juu ya koti langu nyuma ya darasa, mpaka nikapata cheti. Barua ya kunifanya fundi wa maabara ilikuwa mezani kwa Daktari ikisubiri saini. Asubuhi ile alikuwa ameniambia, "Kazi ya leo uiendeshe wewe. Ikienda sawa, naisaini kabla ya chakula cha mchana."

Na mkataba wangu wa kuosha ulikuwa unakwisha Ijumaa. Kazi nyingine iliyokuwepo ni kiwanda cha samaki, mwendo wa saa moja na nusu. Ningeondoka Mahina hajaamka na kurudi amekwisha lala. Ana miaka mitatu. Nani angemfunga viatu?

"Sikutumia sabuni," nilisema.

"Basi nani? Mimi?"

Katika maabara ya mayai, sabuni ni haramu. Hata ukisuuza mara kumi, kidogo kinachobaki kwenye kioo kinaua. Kwa hiyo vyombo vya mayai havijawahi kuionja tangu vinunuliwe. Ni maji matupu, mara tatu, kisha juani. Wageni wote hukosea hapo, kwa sababu mikono ya nyumbani haiamini kwamba maji peke yake yanasafisha. Ndiyo maana Daktari alinidhania. Mama mwenye mtoto, mikono imezoea povu.

"Daktari, mimi nimelelewa na bibi ambaye ukifua kitambaa cha vyombo pamoja na nguo ya mwilini, anakitupa kitambaa na wewe anakufukuza jikoni. Kwetu cha chakula ni cha chakula. Ndoo ya mayai nimeitenga toka siku ya kwanza. Nitachanganyaje?"

"Nenda nyumbani, Kiriwai. Tafadhali. Kabla sijasema neno nitakalolijutia."

Nikatoka. Nje, Tevita, Mtonga wa visiwani mwenye kutunza matangi, alikuwa ameketi juu ya ndoo anakula mkate wa kukaanga. Aliponiona akaacha kutafuna.

"Mama Mahina! Umeona maiti?"

"Mayai yamegoma. Yote. Hata yale yasiyotiwa dawa tunayoijaribu. Anasema nimetia sabuni."

"Ungewapa watu wenye njaa hayo mayai. Tungeyala na limau, yasingegoma."

"Tevita, nitapoteza kazi."

Akaukunja mkate kwenye karatasi. "Samahani, dada. Mdomo wangu huu. Sabuni inayafanya nini hasa?"

Nikaanza kumjibu, nikakwama. Sabuni inayafanya nini? Mwalimu wetu wa jioni aliwahi kutuonyesha: yai lenye sabuni halivimbishi ule utando wa nje mbegu ya dume inapoingia, na mengi hupasuka, maji yakawa kama maziwa yaliyokatika. Lakini mayai niliyoyaona sasa hivi yalikuwa na utando mzuri, yameng'aa, mazima. Hayakufa. Yalikuwa yanangoja.

Nilirudi ndani mbio mpaka Tevita akanifuata.

"Nimekwambia uende nyumbani," Daktari alisema.

"Dakika tano tu. Kisha nitaondoka mwenyewe."

Sikusubiri ruhusa. Nilichukua tone la mayai kwenye sahani isiyo na dawa, nikalitia rangi ya kung'arisha kromosomu, nikaliweka chini ya darubini ya mwanga wa buluu. Nikaangalia. Ndani ya kila yai, kromosomu zilikuwa zimejipanga mstari katikati, kama watoto waliopangwa foleni kisha mwalimu akasahau kuwaambia waende. Kila yai. Mstari uleule.

Nikatia tone la pili, kutoka kwenye sahani ya dawa, nikaona mstari uleule.

"Angalia hii," nikamwambia, "halafu hii."

Aliangalia ya kwanza. Aliangalia ya pili. Akarudi ya kwanza. Nilimwona shingo yake inabadilika rangi.

"Umezibadilisha sahani," alisema, lakini kwa sauti ndogo.

"Soma maandishi, Daktari. Ni mwandiko wako."

Tevita akaninong'oneza, "Kuna nini? Mimi nalisha samaki tu hapa."

Nikamweleza kama ninavyomweleza Mahina mambo, polepole. Yai likitaka kugawanyika, linatengeneza protini iitwayo saiklini, kidogo kidogo, mpaka inarundikana. Rundo hilo ndilo linalolisukuma yai lijiandae, likunje kromosomu zake na kuzipanga. Lakini haliwezi kumaliza mpaka saiklini yenyewe ivunjwe. Yai linaibandika alama, na kila chenye alama kinapelekwa kwenye kinu kidogo kilichomo ndani yake, kinasagwa. Ni kama miti anayopandia fundi akijenga ukuta: bila hiyo ukuta haupandi, na isipong'olewa nyumba haihamiwi. Dawa yetu inaziba kinu. Alama zinabandikwa, lakini hakuna kinachosagwa, na yai linabaki limesimama na miti yake.

"Kwa hiyo haya mayai yamekunywa dawa," Tevita alisema.

"Yote. Na mimi dawa niliitia kwenye sahani moja tu."

Mayai yote, kabla ya kugawanywa kwenye sahani, yalikuwa yamepitia bilauri moja kubwa. Nilikuwa nimeichukua asubuhi kwenye rafu ya vyombo vya mayai, kavu, safi, bila tepu nyekundu. Chombo kilichoguswa na dawa hufungwa tepu nyekundu na hakirudi rafuni kamwe. Kinatupwa.

"Jumamosi sikuja," nilisema. "Mahina alikuwa na homa. Nani aliosha?"

Tevita alikuna kidevu. Aliangalia dari. Aliangalia viatu vyake. Mwisho akasema, "Mimi nilikuja kulisha. Nilikuona wewe, Daktari. Ulikuwa unapima ile dawa yako kwenye bilauri kubwa. Ukaisuuza. Nikakutania, nikasema leo mkubwa anaosha vyombo, mvua itanyesha."

Daktari Ailsa alikaa. Hakuvuta kiti, kwa bahati kilikuwepo.

"Mara tatu," alisema. "Niliisuuza mara tatu. Kwa maji."

"Maji hayaitoi dawa ile," nilisema. "Ina mafuta. Inashika kioo. Ingetoka kwa..."

Sikumalizia. Alimalizia yeye.

"Kwa sabuni." Akafunika uso kwa viganja. "Miaka thelathini nimewafundisha watu wasitumie sabuni. Mkono wangu umesuuza, umebandua tepu, umeweka rafuni, mimi mwenyewe sipo. Mungu wangu. Na nikakufukuza."

Nilitaka kukasirika. Kweli nilitaka. Lakini bado nilikuwa nikiyafikiria yale niliyoyaona, mamia ya mayai mazima yanayongoja kitu kivunjwe ndipo yaendelee. Nikasema tu, "Nungu wamebaki wangapi kwenye tangi?"

"Kumi na mmoja," Tevita akajibu. "Walikuwa kumi na wawili. Usiniulize."

Daktari akacheka, kicheko kilichokaribia kilio. Alivuta daftari la maabara, akaandika kwa kalamu ya wino: bilauri ya dawa ilirudishwa rafuni Jumamosi, mwoshaji Ailsa. Akanigeuzia nisome. Kisha akaichukua barua yangu.

"Nimeanza na daftari," alisema, "ili usije ukadhani hii naisaini kwa aibu. Nilikuwa na darubini mbele yangu na sikuona. Wewe uliona."

Akasaini. Nilishika mdomo.

Saa nane mchana tulianza upya, na bilauri mpya iliyotoka kwenye boksi. Niliendesha mimi. Daktari alichukua sampuli nilipomwambia achukue, na Tevita, aliyesema analisha samaki tu, hakuondoka dirishani.

Dakika ya tisini, hakuna. Ya tisini na tano, hakuna. Ya mia na mbili, yai moja pembeni likabonyea kiunoni, kana kwamba mtu asiyeonekana amelifunga uzi na anavuta.

"Daktari," nilisema. "Daktari! Linakatika!"

Kisha jirani yake. Kisha yote, sahani nzima isiyo na dawa, mawili mawili mawili, nami nikawa nahesabu kwa sauti huku machozi yakinidondoka karibu na sahani, na Daktari Ailsa akiniambia, "Usiyatie chumvi, mwanangu, usiyatie chumvi."