Paa la Villads

Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Bodil, mhudumu wa nguruwe, aliingia kwenye banda la uzazi na chupa yake ya kahawa, akakuta nguruwe namba sitini na mbili ameshazaa. Watoto kumi na sita, wote hai, wamelala juu ya tandiko la matete makavu lililomfika Bodil magotini. Alimaliza kikombe kwanza. Halafu akaokota tete moja, akalinusa. Lilinuka moshi wa jiko la Villads.

Banda lile halikuwa na bua hata moja. Sakafu ilikuwa saruji yenye matundu, chini yake bomba la kupitisha mavi, na nyasi, alivyokuwa akisema Villads mwenye shamba, huziba bomba. Kizimba cha chuma kilimtosha nguruwe kusimama na kulala; kugeuka, hapana. Jana yake sitini na mbili alishinda akikwangua saruji kwa kwato, akitafuta cha kuwatandikia wanawe.

Ng'ambo ya ua, nyumba ya Villads ilikuwa imeezuliwa upande mzima wa kaskazini. Mwenyewe alisimama mlangoni na nguo za kulalia, akitazama paa aliloliezeka babu yake kwa matete.

"Bodil, umeliona paa langu?"

"Nimeliona. Limelaliwa."

"Na nani?"

"Na mzazi wako, sitini na mbili. Njoo uone alivyolisuka, fundi wako hamfikii."

Villads alikwenda. Sitini na mbili akaguna ule mguno wa kuita, watoto wakajipanga, kila mmoja na chuchu yake. Chuchu ni kumi na nne, kwa hiyo wawili walingoja kwenye matete, bila ugomvi. Maziwa yalitoka sekunde ishirini, kama kawaida. Nguruwe alipojigeuza ubavu, watoto watatu walizama chini yake kwenye matete, wakaibukia upande wa pili wazima. Villads aliwahesabu mara mbili. Kila mzao pale ulikuwa na wawili watatu wa kulaliwa na mama yao.

"Hajafa hata mmoja," alisema. "Huyu ndiye mfanyakazi."

"Basi mzao ujao mpe robota moja la mabua. Moja tu, uokoe upande wa paa uliobaki."

"Na bomba?"

"Likiziba nitalizibua mimi, kwa mikono yangu hii."

"Bodil, leo ukimpa bua, kesho ataomba mto."

"Heri aombe, kuliko aje auchukue wako."

Baada ya siku chache Bodil aliyazoa matete kwa toroli. Bomba halikuziba. Villads alisema ni bahati, akaezua mwenyewe upande wa kusini na kuweka vigae nyumba nzima. Babu yake alikuwapo ukutani, kwenye picha. Kuanzia siku hiyo babu alitazama pembeni.

Miezi mitano baadaye sitini na mbili alianza tena kukwangua. Bodil alileta robota mpaka mlangoni, Villads akalirudisha ghalani kwa mikono miwili.

"Aezue vigae, tuone," alisema.

Asubuhi tandiko lilikuwa la manyoya ya bata bukini, laini, limechanganywa na nywele za rangi ya mchanga. Watoto kumi na saba, wote hai. Villads aliingia amevaa kofia ya sufu mpaka kwenye masikio. Nyusi hakuwa nazo.

"Umelalaje?" aliuliza Bodil.

"Kwenye mbao za kitanda, bila godoro wala mto."

"Mabua yapo ghalani, Villads. Yamejaa mpaka darini."

Villads aliwahesabu watoto, akatabasamu, akavuta kofia chini kidogo.

"Nywele huota," alisema. "Na haziendi kuziba bomba la mtu."

Akatoka akipiga mluzi. Kwenye kizimba cha pili, sitini na tatu, aliyebakiza siku moja azae, alikuwa ameanza kukwangua saruji. Bodil alimsikiliza kidogo. Kisha akavua kofia yake, akafungua msuko wa nywele zake, akaivuta ndoo na kuikalia karibu na chuma cha kizimba, ili mwenzake asipate taabu ya kufika mbali.